Kioo cha Kupanua na Parsele Yangu ya Buhene

Mwanaume mwenye kuuza vioo vya telefone alitema mate juu ya kioo, akakipangusa na shati yake, pale pa kwapa kabisa, kisha akaninyooshea.

"Kamata, mama. Iko safi."

Nikakikamata na vidole viwili, sawa vile unakamata mende mwenye amekufa. Mutoto wangu wa mwisho, yule binti mwenye anakaa mu mutaa wa Mapendo, alikuwa anacheka nyuma yangu.

Niwaelezee kwanza tulifuata nini pale mu soko ya Birere. Volkano ilipotoka, mawe ya moto yalifunika parsele yangu, ule udongo wangu wa Buhene na vyote vya juu yake: nyumba, jiko, muti wa avoka, vyote. Nikahamia kwa huyu mutoto. Halafu waasi wakafunga barabara ya Rutshuru, mashamba yetu ya kule muji wa Kiwanja nayo yakabaki huko, hakuna wa kuyalima. Kwa hiyo ile parsele chini ya mawe njo kitu nilikuwa nimebakiza hapa duniani. Na jirani yangu, muzee mumoja wa kuuza mbao, alikuwa anaimega.

Kwetu mawe yakipoa, kila mutu anapandaga juu, anazungusha parsele yake na vijiwe vya kupaka chokaa. Nilizungusha vizuri. Nikirudi, nakuta upande wa muzee vijiwe vimeingia kwangu. Na vijiwe havina miguu.

Shefu wa avenyu, mukubwa wa mutaa wetu, akasema kila mutu alete foto, vijiwe vyake mbele na mulima nyuma, tukae tuamue. Sasa telefone ya mutoto ilikuwa inakataa. Akisimama karibu, foto inakula nusu ya vijiwe. Akirudi nyuma, anaanguka mu mashimo. Watu wakamwambia kuna vioo vidogo, unavibana juu ya jicho la telefone na kibanio sawa cha kuanikia nguo, foto inapanuka.

Yule wa mate alikuwa navyo vya kila namna. Akaanza na cha kuangalia vitu vidogo-vidogo, akakielekeza ku mukono wangu. Nikaona mabonde, nywele sawa miti ya kuungua, na uchafu mu kucha, mimi mwenye nilikuwa nimeoga. Akakipeleka ku samaki wadogo wa ziwa, zile sambaza za mama mwenye alikuwa anauza pembeni. Funza mweupe alikuwa anatoka mu jicho la samaki, pole-pole, sawa mupangaji mwenye halipi.

"Toa telefone yako hapo," yule mama akasema. "Unanifukuzia wateja."

Nilikuwa nimenunua sambaza kwake asubuhi ile. Zilikuwa mu tumbo yangu tayari.

Akabandika cha kuvuta. Mulima ukakuja mpaka ku pua, lakini foto yote ikawa mulima, parsele ingebaki inje. Nikamwambia, "Hiki ni cha kupeleleza bibi za watu."

"Mama, unakijua?"

Cha kupanua vilikuwa viwili. Kimoja kilinigeuza chura mwenye amemeza chura mwenzake, pua huku, masikio kule. Mutoto akasema, "Mama, usiangalie sura yako, angalia ile nguzo ya kando. Ikipinda, shefu atasema tumepindisha na mupaka." Kwa kile cha chura nguzo ilikuwa imepinda sawa mulevi. Kwa kile kingine ilisimama wima. Tukachukua hicho. Ku nyumba nikakipangusa na pombe ya dawa, mutoto akinigombeza kama nitakiharibu. Nikamwambia mate ya yule mwanaume yalikwisha kukiharibu.

Tukapanda Buhene. Mawe yalikuwa yangali yanatoa moshi mu nyufa, na kulikuwa harufu ingine ndani ya ule moshi. Nikafikiri mbuzi wa mutu ameoza mahali. Mutoto akapiga foto mbio-mbio, amefunga pua, jua linawaka ku telefone hata haoni kitu gani anapiga. Foto tukaiona vizuri ilipotoka ku karatasi.

Mulima ulikuwapo. Vijiwe vilikuwapo. Na kando kabisa, kwenye mimi sikuangaliaka, ku kile kipande muzee alikuwa ameniibia, kulikuwa bashi, turubai ya bluu, imefungwa ku mawe, wazi upande wetu, na jirani yangu na kofia yake, amechuchumaa.

Kuchimba choo mu mawe ya volkano ni kazi ya kuua mutu. Ukipata ufa wa bure, unashukuru Mungu. Muzee alipata wake, tena wenye joto, mvuke unamupanda matako, pale kwenye jiko yangu ilikuwaka, kwenye nilipikiaka watoto maharagi. Nilienda kutapika nyuma ya nyumba.

Siku ya kuamua, muzee akaleta foto yake na kiapo. Kile kipande ni chake, akasema, hapo atajenga salo, chumba cha kupokea wageni. Shefu akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akaweka foto yangu ku meza, akavaa malineti, miwani yake ya kusomea.

"Papa, huyu mwenye kofia ni nani?"

Muzee akaangalia. "Ni mimi."

"Unafanya nini?"

"Na wewe, shefu, unauliza?"

"Nauliza juu umesema hapo ni salo yako."

Sasa mujue, kwetu mutu mwenye kunyea pale atakaa, hata ndugu zake hawali naye. Muzee akasimama. "Mimi mutu muzima, nijisaidie mu salo yangu? Unanichukua kama nguruwe? Hapo si kwangu, hapo ni kwa huyu mama."

Bibi yake akajifunika uso na kitenge. "Umeisema, papa," akasema ndani ya kitenge. "Umeisema mbele ya watu."

Vijiwe alivirudisha yeye mwenyewe, shefu amesimama hapo. Bashi akaitoa. Ile ingine, yenye aliacha mu ufa, hakuweza kuitoa. Tulimwaga kokoto juu, lakini mvuke haujali kokoto, asubuhi ya baridi unapanda na harufu yote. Naendaga kukaa pale hata hivyo, mbali kidogo, pua ndani ya kitenge, na siondoki. Niko ndani ya vijiwe vyangu.