Jogoo wa Baba Yoakimu na Paa la Wodi

"Kuku nimenunua kwa pesa yangu, mbele ya watu wote hawa, halafu unanitangaza kwenye spika nimrudishe? Mimi mwizi?"

Huyo ni Teodori, Baba Yoakimu, mkulima wa Bonga. Jogoo mwekundu kambana kwapani na anaelekea nje ya uwanja wa harambee. Aliyemtangaza ni Mikidadi, muuza magodoro wa karibu na stendi, mwenyekiti wa kamati yetu ya kujenga wodi ya wazazi. Bado kashika maiki, mdomo wazi.

Harambee za kwetu ziko hivi: mtu akileta kuku, ananadiwa. Ukishinda unatoa hela, kuku unamrudisha mezani, ananadiwa tena. Mpaka jioni jogoo mmoja kanunuliwa na nusu ya mji na bado anawika palepale. Sasa Baba Yoakimu kahamia juzi juzi tu kutoka kule Mbulu. Kanisani kwao mavuno yakinadiwa, ukinunua unaenda kupika. Nani alimwambia huku ni tofauti? Hakuna.

Mikidadi mwenyewe hakuanza kama mwenyekiti. Mji wetu ulipofanywa makao makuu ya mkoa, watu tulikaa tukisubiri mambo yaje yenyewe. Yeye akasubiri kama sisi, mpaka mke wake Mwanne akajifungulia kwenye benchi la korido ya hospitali, maana vitanda vyote vilikuwa na watu. Mtoto ndiye Najma, mzima kabisa. Jamaa akarudi dukani, akaangalia magodoro yamepangwa mpaka darini, roho ikamuuma. Akabeba moja zuri akalipeleka. Nesi akashukuru, akamuuliza, "Sasa Baba Najma, hili tunaliweka wapi?"

Hapo ndipo ugonjwa wa ujenzi ulipomwanza. Na kuomba anajua! Anakuja kwako, anakunywa chai, anasifia watoto, anaaga. Akifika mlangoni ndio anageuka: "Hivi, yale mawe pale nje mna kazi nayo?" Mchanga wa Nakwa umekuja hivyo, matofali ya Maisaka hivyohivyo. Hata kanisani wanamkaribisha atangaze baada ya misa, na balaghashia yake kichwani.

Kuta zimesimama. Kilichobaki ni paa, na masika hayo yanakuja, matofali yakilowa tumeumia. Mbao za kenchi zote kaahidi Baba Yoakimu. Zimeshapasuliwa, ziko uani kwake. Akiondoka na hasira, paa ndio limeondoka.

"Twende, Baba Yoakimu," mkewe Mektilda akasema kwa sauti ya kusikika. "Zile mbao tutamjengea huyu jogoo banda. La ghorofa."

Watu kicheko. Mikidadi hakucheka. Kaweka maiki chini, kawakimbilia getini.

"Shikamoo mzee wangu."

"Marahaba. Kuku simrudishi."

"Usimrudishe. Kosa ni langu, nimekutangaza bila kukueleza desturi yetu. Nisamehe." Akamwangalia jogoo. "Lakini una haraka naye ya nini?"

"Wangu kaliwa na kicheche. Majike yapo yapo tu, yanaangaliana."

Mikidadi akamshika mkono, akarudi naye mpaka kwenye maiki. "Ndugu zangu, jogoo huyu ameshapata kwake. Sasa nanadi vifaranga vyake!"

"Vifaranga gani?" mtu akapiga kelele. "Hata mayai hakuna!"

"Ndiyo maana nauza mapema, vikitoka mtagombana!"

Baba Yoakimu kakunja uso. "Yaani nilee mimi, wachukue wao?"

"Kila banda mjini litakuwa na damu ya jogoo wako, mzee. Hata Nakwa watakuheshimu."

Mzee akawa anajizuia kutabasamu. Mektilda akanyoosha mkono: "Cha kwanza changu! Buku tano!"

"Mama Yoakimu, unanunua kifaranga chako mwenyewe?"

"Nanunua, halafu narudisha. Si ndivyo mnavyofanya huku?"

Uwanja ulilipuka. Mikono ikawa juu kila upande, na Baba Yoakimu akaanza kupandisha bei mwenyewe, anamsifia jogoo kama anauza ng'ombe mnadani. Vilipoisha vifaranga vya kutosha banda zima, akamvuta Mikidadi pembeni.

"Zile mbao, njooni mchukue leo. Zikinyeshewa zitapinda."

"Leo leo?"

"Sasa hivi. Gari lipo?"

Mikidadi akawaita mafundi, akawarushia funguo za pikapu yake ya magodoro. "Pandeni na mzee mpaka Bonga. Zifungeni vizuri, barabarani kule kuna mashimo."

Simu yake ikaita. Akasikiliza, akajishika kichwa. Dukani kuna bwana harusi anafoka, ndoa ni leo na godoro lake halijafika, na gari la kulipeleka ndio hilo linawashwa kwenda Bonga. Akampa Mektilda maiki, "Mama Yoakimu, endelea, unaweza kuliko mimi," akadandia pikipiki nyuma, kanzu kaikusanya mkononi, akaenda kutafuta mkokoteni.