Ukuta wa Bafu la Marlys

Marlys Haugen alikuwa na hasira, na alikuwa na kila haki ya kuwa nayo. Miaka nenda miaka rudi alikuwa akifunga kuta za watu mjini Duluth, kuta ambazo ukipitisha kiganja hujui bodi moja ya jipsamu imeishia wapi na nyingine imeanzia wapi. Kwake mwenyewe, ukuta wa bafu ulikaa wazi, mabomba yakimkodolea macho kila akipiga mswaki.

Na mumewe alikuwa fundi bomba! Kila Jumamosi Duane alikuwa na wimbo uleule: “Wiki ijayo, mke wangu. Kumebaki kiungo kidogo tu cha kulehemu.” Mwisho Marlys akaapa mbele yake: ukuta ukifungwa, nyumba inauzwa, na yeye anahamia Mankato kwa dada yake, peke yake. Duane alimaliza kahawa yake, akatoka kwenda kuondoa theluji mlangoni.

Kwa hiyo aliposema hatimaye kwamba amelehemu kila kitu, Marlys hakumpa nafasi ya kubadili maneno. Alichukua rangi yake ya mdomo, ile ya kuendea kanisani, akapaka ncha za mabomba ya sinki, kisha akaikandamiza bodi juu yake. Alama mbili nyekundu zikabaki mgongoni mwa bodi, pale hasa pa kukata.

“Si ungetoboa tu kwa nyundo?” Duane aliuliza kutoka mlangoni.

“Nyundo ni ya kwenu! Tundu la bomba ni la bomba, mzee, si la kupitishia paka. Niondokee hapa!”

Matundu yaliyakumbatia mabomba barabara. Uwazi mwembamba uliobaki aliujaza plasta, akalaza utepe wa karatasi kwenye maungio, akapaka, akangoja ikauke, akapiga msasa, akapaka tena. Alivisha kila bomba pete yake ya kufunika ukingo wa tundu, akafungia koki za sinki. Ukuta ukawa safi kama shuka jipya. Alijikuta akiutazama kwa uchungu, maana ilikuwa kazi yake nzuri kuliko zote na alikuwa anaiacha.

“Fungulia maji!” alimpigia kelele Duane aliyekuwa kwenye chumba cha chini ya nyumba, penye koki kuu.

Kitu kikafoka nyuma ya bodi. Plasta ikatota, ikavimba, ikaanza kumeguka. Marlys alifungua kinywa apige yowe, lakini maji yalikuwa yameshakatika. Duane hakuwa ameondoa hata mkono kwenye ile koki kuu.

Duane alipanda ngazi polepole, kofia mkononi.

“Hicho kiungo hukukilehemu,” Marlys alisema. “Umelehemu mabomba ya mji mzima. Usiniambie ulisahau.”

“Sikusahau.”

“Ukaniacha nihangaike na ukuta wote huu!”

“Nilijua ukimaliza utaondoka,” alisema Duane. “Sikujua la kufanya, Marlys. Mimi si mtu wa maneno.”

Marlys alitamani kumpiga kwa mwiko wa plasta. Badala yake alinyakua msumeno, akamsukumia kifuani.

“Kata! Toa bodi yote, ulehemu nikiona. Halafu utaufunga wewe, mpaka uwe kama wangu. Ukikosea unabomoa, unaanza upya.”

“Itanichukua miaka, mama.”

“Nani kakuuliza?” alifoka Marlys, akavuta kigoda, akaketi.