Siku Mwalimu Chacha Alipochunga Ng'ombe

Wenzangu mliosoma shule za msingi za Oyugis miaka ya tisini, mnaukumbuka ule mpira wa juala, ile mifuko ya plastiki, tulioufunga kwa kamba za katani hadi vidole vikachubuka? Mpira wa ngozi ulikuwa mmoja tu shule nzima, umefungiwa ofisini kwa hedimasta, na tuliupaka mafuta ya ng'ombe usipasuke. Tulicheza miguu mitupu, tumbo limejaa nyoyo, yale mahindi na maharagwe ya kuchemsha ya mama, na ukiitwa nyumbani ulijifanya kiziwi. Siku hizi kijana hatoki nje bila viatu vya rangi mbili, halafu akikimbia hatua kumi anashika kiuno. Ama kweli!

Kocha wetu alikuwa Mwalimu Chacha, Mkuria wa Ntimaru, na nawaapia, sikuwahi kumwona akipiga danadana mbili zikafuatana. Alitufundishia juu ya dawati kwa magunzi ya mahindi. Gunzi hili beki, gunzi lile winga. "Toa pasi, kisha songa!" Wimbo wake ulikuwa huo asubuhi na jioni, hata ukimkuta sokoni. Tulimcheka kichinichini. Mimi nilikuwa nahodha, na kichwa kilikuwa kimenivimba. Nilijua timu ni Ochola, mshambuliaji wetu, basi. Ochola akishika mpira, hata wapishi wa shule waliacha sufuria.

Mwaka wetu wa mwisho tukafika fainali ya tarafa. Mshindi angeenda Homa Bay, kando ya ziwa, na mimi ziwa nilikuwa sijaliona kwa macho yangu. Nililitamani mpaka nikawa naliota. Kumbe Jumamosi hiyo ilikuwa zamu ya Ochola kuchunga, na ndugu zake wakubwa walikuwa wamesafiri kwenda matanga. Tukamfuata baba yake asubuhi, mwalimu akiwa mbele. Mzee alitusikiliza huku akitafuna mswaki wa kijiti, kisha akauliza, "Japuonj, mwalimu wangu, huo mpira unakamuliwa?"

Nikajua ziwa nimelikosa. Mwalimu Chacha akavua koti. "Haukamuliwi, mzee. Lakini hiyo fimbo nipe mimi. Ng'ombe nawajua kuliko mpira." Akanivisha filimbi yake shingoni, akaingia matopeni na viatu vyake vya kanisani, akiwaswaga ng'ombe kumi na wanne kuelekea mtoni.

Tulifungwa mapema. Ochola alichenga mmoja, wawili, watatu, wa nne akampokonya. Kila mara hivyo hivyo. Nikageuka pembeni kumtafuta mwalimu ampigie Ochola kelele, pakawa patupu. Basi nikaanza kupiga kelele mimi, kwa sauti ya mwalimu, lafudhi yake na yote: "Toa pasi, kisha songa!" Ochola akacheka, akatoa. Akasonga, akarudishiwa. Bao! Na la pili likaja vivyo hivyo, tukashinda mbili kwa moja.

Tulikimbia hadi mtoni bila hata kunywa maji. Mwalimu alikuwa amesimama juani, suruali imekunjwa mpaka magotini, ng'ombe wameshiba. Akataka turudie mechi yote pale pale malishoni, tangu filimbi ya kwanza. Tukairudia, na lile bao tulilofungwa alitukemea kana kwamba lilikuwa linaingia wakati huo. Tulipomaliza akauliza, "Sasa, nani amewashindisha?"

"Ochola!" tukapaza sauti, mimi wa kwanza. Akampigia Ochola makofi kwa furaha ya kweli, kisha akainama kuosha viatu vyake.

Leo vijana wanabishana kwenye kibanda cha mpira, simu mkononi: kocha afukuzwe, wachezaji wauzwe! Wakiniuliza, "Mzee, wewe unasemaje?" nacheka tu, lakini moyo unaniuma. Ochola alikuwa na miguu ya ajabu, hilo simnyimi. Ila makocha wa sasa wana wasaidizi sita na suti nzuri, na sijui ni yupi kati yao angekubali kuikosa fainali yake mwenyewe ili mchezaji mmoja acheze. Homa Bay tulienda, ziwa nikaliona, nikaoga humo hadi macho yakawa mekundu. Mwalimu Chacha alihamishwa muhula ulipoisha, na mpaka leo sijamwambia kwamba aliyetushindisha ni yeye.