Alama ya Kujumlisha

Mwandishi wa programu wa meza ya dirishani hakujua kutulia. Goti lilimchezacheza, kalamu ilimzunguka vidoleni, na kila mara aliinuka kuchungulia nje kama anayengoja mgeni. Mwenzake wa meza ya pili, mgeni wa kazi, alishamzoea, ila siku hiyo aliona amezidi. Roho ya huyo wa dirishani ilikuwa juu juu: dada yake alikuwa chumba cha upasuaji, akisaidiwa kujifungua. Hata hivyo aliinama kutazama fanksheni ndefu, kipande cha programu cha kufanya kazi moja, ambayo mwenzake alikuwa ameiandika ili tu kujumlisha namba.

“Ya nini yote haya, ndugu yangu?” Akaifuta, akaacha alama ya kujumlisha peke yake ndani ya mabano. “Hii yenyewe ni fanksheni. Ikabidhi kama ilivyo, kompyuta itajua la kufanya nayo.”

Jibu likatoka sahihi, lakini yeye alishasimama tena. Simu yake ikaita. Aliikodolea macho, mikono kaibana kwapani.

“Ni shemeji. Pokea wewe, tafadhali. Mimi siwezi.”

Mwenzake akapokea, akasikiliza. “Ni wa kike. Mama na mtoto wote wazima.”

Yule wa dirishani akaketi, akalaza paji la uso juu ya kibodi, akalia kwa kwikwi, huku skrini ikijaa herufi zisizo na maana yoyote.