Pipa la Mama Mkwe

Muthoka alikuwa mtu wa heshima, na heshima yake ilizidi kipimo mpaka watu wakaifanyia mzaha. Kwenye shamba la kahawa la Ruiru, alikofanya kazi ya kuanika kahawa juu ya vitanda vya waya, wenzake walisema kwamba akikutana na mbuzi wa mama mkwe wake atamwachia njia. Muthoka hakukasirika. Alicheka nao, akaendelea kuchambua punje mbovu kwa vidole, na moyoni akaona fahari. Kama ni kusifiwa, heri usifiwe kwa adabu.

Kwa Wakamba jambo hilo lina jina lake, nthoni. Mwanamume na mama wa mke wake hawatazamani usoni. Hawali pamoja, hawaitani kwa jina, na njia ikiwakutanisha, mmoja huingia kichakani mpaka mwenziwe apite. Wakiwa na neno la kuambiana, hulipitisha kwa mwingine, mara nyingi mke mwenyewe. Siku hizo, mwaka wa hamsini na nane, vijana wengi walikuwa wameanza kuilegeza desturi hiyo, hasa waliosoma misheni. Muthoka alisoma misheni, akabatizwa, na hakulegeza hata uzi. Tangu amwoe Ndinda, uso wa mama mkwe hakuujua. Alichojua ni mgongo wake, leso yake ya rangi ya machungwa, na sauti yake akiwa upande wa pili wa ukuta.

Mama huyo aliitwa Kalondu, jina ambalo Muthoka hakupata kulitamka. Alikuwa mjane, akiishi Thika, bondeni nyuma ya Kamenu, na kazi yake ilikuwa kupika pombe kali, ile ya kutoneshwa kwa mrija kwa siri kando ya mto. Serikali ilimkataza, kanisa likamkataza, na watoto wake wakala na kusoma kwa kazi hiyo hiyo. Walioinywa pombe yake waliisifu kuwa haiumizi kichwa. Sababu, walisema, ni kwamba Kalondu haharakishi kitu, na kikombe cha kwanza hukinywa yeye mwenyewe mbele ya wateja. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yake: aliyepika ndiye anayetangulia kunywa.

Basi pipa lake likatoboka kutu. Ndinda alimweleza mumewe, na Muthoka akaona nafasi ya kuonyesha ukwe wake. Nyuma ya stoo ya shamba kulikuwa na mapipa mawili matupu yaliyooshwa. Moja lilikuwa la molasi ya ng'ombe. Alimwomba msimamizi, akapewa, akamwambia Zacharia, dereva wa lori la kahawa, alipeleke Thika. Siku ya kulipakia Muthoka alikuwa kwenye vitanda vyake, kahawa imemwagwa ikiwa mbichi, haachiki. Alimwelekeza Zacharia kwa kidole kutoka mbali. Lile pale, ukutani. Zacharia akainua mkono kuonyesha kwamba amesikia.

Wiki iliyofuata mwenye shamba alikwenda Naivasha na familia yake, na wafanyakazi wachache wakapata mapumziko Jumamosi na Jumapili. Muthoka akasema, sasa mke wangu nitampeleka matembezi. Tangu waoane hawakuwahi kutoka wawili kwa raha tu, bila msiba wala mgonjwa. Wangekwenda Thika, wale hotelini kama watu wengine, kisha Ndinda amwone mama yake na Muthoka auone mtambo ukifanya kazi, akiwa ng'ambo ya mto ambako macho hayangekutana. Ndinda alivaa viatu vipya vilivyomfinya tangu mlangoni. Mtoto wao Mbaluka wakamwacha kwa jirani.

Lori la Zacharia liliwafikisha mapema. Kwenye daraja askari walisimamisha gari, wakamtaka Zacharia pasi yake, kwa kuwa ni Mkikuyu na Hali ya Hatari ilikuwa haijaisha. Walimgeuza huku na huku, wakamwachilia. Zacharia akaendesha mpaka stesheni, akapakua magunia. Ndinda akashuka bondeni kwa mama yake. Muthoka akabaki akimsaidia Zacharia, kisha wote wawili wakaenda kumngojea hotelini kwa Ngendo.

Ngendo alikuwa mama mnene mwenye maneno mengi, aliyewahi kufanya kazi jikoni kwa Mhindi na kutoka huko na elimu ya bajia. Alikaanga bajia za viazi, chapati za kukunjwa, na karanga ya nyama ya mbuzi, na kando ya kila sahani akaweka chatini ya kijani aliyoisaga mwenyewe. Ndinda alipofika, akichechemea kwa viatu vyake, sahani zilikuwa mezani.

"Mama Mbaluka, keti," Muthoka akasema. "Mama hajambo?"

"Hajambo kidogo. Jasho linamtoka na macho yanalia. Anasema ni moshi wa kuni. Amekushukuru sana kwa pipa. Alitia sukari guru na unga Jumatatu, leo ndiyo anapika."

Muthoka akavimba kifua. Alimsogezea mkewe bajia, akamwonyesha namna ya kuichovya kwenye chatini. Ndinda akauma. Akasita. Akainusa ile iliyobaki mkononi, akacheka.

"Hii kitu ina nini ndani?"

"Kitunguu saumu," Ngendo akajibu kutoka jikoni. "Bila hiyo si chatini, ni majani ya ng'ombe!"

"Aka! Kumbe ndiyo hii." Ndinda akamgeukia mumewe, bado anacheka. "Mama alisema pipa yako ilinuka hivi hivi ilipofika. Aliisuuza na maji ya mto, harufu ikapungua. Akaniambia nisikwambie. Ati zawadi ya mkwe haiulizwi, asije akakuaibisha. Sasa nimeshasema. Usikasirike."

Muthoka hakukasirika. Chapati ilibaki mkononi. Shambani kulikuwa na kitu kimoja tu kilichonuka kitunguu saumu, nacho si chakula. Ni dawa ya kunyunyizia kahawa, ya kuua wadudu. Wanyunyizaji walirudi nayo kwenye nguo jioni, wakakatazwa kushika chakula kabla ya kuoga. Mbwa wa mwenye shamba aliwahi kuramba debe lililotupwa, na hakufika nyumbani.

"Zacharia," akasema polepole. "Ile pipa ulibeba, ilikuwa gani?"

"Ile umenionyesha. Ya ukutani."

"Zote mbili zilikuwa ukutani."

"Ile ya huku basi. Iko na rangi nyekundu kwa mdomo." Zacharia akaacha kutafuna. "Ngai! Kwani ulitaka ile nyingine?"

Muthoka alikwisha toka. Ngendo akauliza kuna nini, lakini Ndinda alikuwa amekwisha inuka. Alimfuata mumewe hatua chache, viatu vikamwangusha, akavivua na kuanza kukimbia peku kwenye changarawe. Zacharia akakimbilia lori.

Kutoka hotelini hadi bondeni ni mteremko, na Muthoka aliushuka akiwa hajui anakanyaga nini. Nataka msomaji aelewe alichokuwa akikifikiri, maana baadaye alikisema mwenyewe kwa aibu. Alikuwa akifikiri atapiga kelele namna gani. Hakuwa na jina la kumwitia yule mama. Miaka yote hakulihitaji. Alipouona moshi juu ya migomba, bado alikuwa hajapata jibu, na Ndinda, ambaye ndiye angesema, alikuwa mbali nyuma.

Mtambo ulikuwa umekaa kwenye uwazi kando ya maji. Pipa lilikuwa juu ya mafiga matatu makubwa, mdomo umezibwa kwa udongo na matambara, na kutoka hapo mrija wa shaba ulipita ndani ya gogo lililochimbwa ndani, lililojaa maji baridi ya mto. Kwenye ncha ya mrija tone lilidondoka ndani ya chupa, kisha tone jingine. Wanaume wanne walikuwa wamechuchumaa wakingoja kwa heshima zote. Kalondu alikuwa amesimama, amewapa mgongo wanaotoka njiani, leso ya machungwa begani. Mkononi alikuwa na kikombe cha bati.

"Mama! Usinywe!"

Kalondu aliijua sauti ile. Aliijua kupitia ukuta kwa miaka mingi. Na kwa kuwa aliijua, alifanya alichofanya kila mara aliposikia mkwe wake yu karibu: aliivuta leso akafunika uso, akaingia migombani, na kikombe akaenda nacho.

"Ina sumu! Mama, mwaga!"

Alizidi kukimbia. Pengine hakusikia neno, alisikia tu kwamba mkwe anakuja. Muthoka akamfuata. Wale wanaume wakasimama, mmoja akasema, "Amerukwa na akili, anamkimbiza mama mkwe!" wakaanza nao kumfukuza Muthoka. Ukiisikia kwa mbali utacheka, na wapo waliocheka Kamenu nzima mpaka walipopata habari zote. Alimfikia kwenye ukingo wa mto. Alimshika mkono, yeye aliyemwachia hata mbuzi njia, akapiga kikombe kikaanguka majini.

Kilikuwa kitupu.

Kalondu aliketi chini. Hakumtazama. Mate yalikuwa yakimtoka kuliko kawaida, na mikono ilikuwa ikimcheza. Tangu Jumatatu, kila asubuhi, alikuwa akichovya kidole ndani ya pipa kuonja kama limechacha, kama wapishi wote wafanyavyo, na leo ameongeza kikombe kizima mbele ya wateja ili wamwamini. Muthoka akageuka, akamwegemeza mgongoni, akambeba kama mtoto. Wale wanaume hawakumzuia tena. Walipanda mlima ule wote, na njia nzima alihisi mkono wa mama mkwe ukihangaika shingoni mwake, akadhani anataka kushuka. Kumbe alikuwa akitafuta ncha ya leso, ajifunike.

Lori liliwakuta njiani, Ndinda akiwa amekwisha kupanda. Hospitalini dresa, msaidizi wa daktari, akauliza mama amekunywa nini. Wanaume waliokuja nao wakatazama chini, kwa maana kusema ni kujitia mikononi mwa polisi. Muthoka akasema yote. Akataja pombe, akataja pipa, akataja dawa na shamba ilikotoka. Dresa akaandamana na daktari, wakafanya walivyoweza kufanya, wakatoka na nyuso za watu wasiotaka kuulizwa.

Muthoka hakuingia wodini. Mambo ya migombani yalikuwa ya dharura, hayakuwa ruhusa ya kuvunja nthoni. Alizunguka nyuma ya jengo, akaketi chini ya dirisha lililokuwa wazi juu ya kitanda cha mama mkwe, mgongo ukutani. Alikaa hapo usiku mzima na Jumapili ikamkuta. Kanisani kengele zikalia. Zacharia alimletea chai, ikapoa. Muthoka alilia, akanyamaza, akalia tena, na hakujali nani anamwona. Watu husema kuuliza si ujinga. Alijiuliza ni nani aliyemfundisha yule mama kwamba kumuuliza yeye, Muthoka wa vitanda vya kahawa, ni kumvunjia heshima. Jibu alilijua. Ni yeye mwenyewe, kwa kila kichaka alichoingia akijisifu.

Mchana alisikia sauti ndani.

"Ndinda."

"Niko hapa, mwaitu," Ndinda akamjibu mama yake.

"Nenda umuulize mkwe wangu." Pumzi ikakatika, ikarudi. "Ile pipa ilikuwa ya kitu gani?"

Muthoka alisikia kila neno. Akasikia kiti kikisogea, na nyayo za Ndinda zikianza safari ndefu ya kupita wodi nzima, mlangoni, ngazini, na kuzunguka jengo, alete swali ambalo tayari limefika. Desturi ilimtaka angoje. Akainuka. Akashika kizingiti cha dirisha kwa mikono miwili na kuinamisha macho kwenye majani.

"Mama, ilikuwa ya dawa ya kahawa. Mimi sikuiangalia. Nilinyoosha kidole tu. Makosa ni yangu."

Alidhani hakusikika, au kwamba amemwongezea mgonjwa aibu juu ya maumivu. Kisha sauti ikaja, ndogo, karibu na dirisha, na kwa mara ya kwanza katika maisha yao haikupitia kwa mtu.

"Harufu niliisikia, mwanangu. Tangu Jumatatu nilitaka kukuuliza. Niliona haya."

Ndinda akatokea kwenye kona, anahema, peku, magoti yamechubuka.

"Mama anauliza, ile pipa..."

"Nimeshamjibu," Muthoka akasema.

Ndinda alimtazama kama asiyeelewa. Akasogea dirishani, akachungulia. Leso ya machungwa ilikuwa imefunika uso wa mama yake mpaka kidevuni, kama ilivyokuwa siku zote mkwe alipokuwa karibu.

"Mwaitu," akaita. "Mwaitu, jifunue, ni mimi." Juu ya mdomo leso haikuinuka wala kushuka.