Mapipa Manne ya Bi Salma

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, naikumbuka hata ninapotaka kuisahau. Nilikuwa na miezi miwili tu chuoni, mwaka wa kwanza wa uhandisi, nikarudi nyumbani Kariakoo kumsalimia mama. Sikujua kwamba kabla ya adhana ya alasiri nitakuwa nimetamka neno moja litakalonifuata mpaka uzeeni.

Kwanza nikueleze hali yangu. Darasani tulianza wasichana wawili, na mwenzangu alihamia ualimu wiki ya tatu. Nilibaki msichana peke yangu. Shuleni nilizoea kuwa wa kwanza, huko chuoni nikawa sielewi kitu. Mwalimu alijaza ubao mishale ya mizigo na nguzo, kisha akageuka kuuliza, "Mmeelewa?" Darasa zima liliitikia ndiyo, nami niliitikia kwa sauti kuliko wote, maana niliogopa kuchekwa. Nyinyi wa siku hizi mnataja sapu, mtihani wa kurudia, kama mnaagiza chai. Mimi jaribio langu la kwanza nilifeli, nikaikunja karatasi nikaificha ndani ya kiatu. Usicheke, ndivyo nilivyofanya.

Na huku mtaani nilikuwa nimeshakuwa Injinia. Aliyeanza kuniita hivyo ni Bi Salma, mshonaji, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Karakana ya chuo ilikuwa na ovaroli za wanaume tu, zote kubwa, basi nilimletea Bi Salma moja, akaikata na kuishona upya mpaka ikanikaa sawasawa. Hata shukrani hakutaka. Alisema, "Utakuja kunijengea ghorofa," kisha akacheka mwenyewe.

Jumamosi hiyo nilimkuta uani kwake na fundi mwashi, Mzee Shomari, wamesimama wanatazama ukuta wa bafu. Wakati huo maji ya bomba yalitoka siku mbili kwa wiki. Bi Salma alikuwa amepata mapipa manne ya chuma kutoka bandarini, akataka yapandishwe juu ya bafu na kujazwa maji, ili wapangaji wake wasihangaike na ndoo.

"Shikamooni," nikasema.

"Marahaba, Injinia! Umekuja wakati wake," Bi Salma akajibu. "Mzee Shomari anasema ukuta huu hautabeba mpaka tuweke nguzo. Mimi naona anajiongezea kazi tu. Wewe uliyesoma unasemaje, utabeba hautabeba?"

Niliutazama. Ulikuwa ukuta wa mawe na udongo, umepakwa chokaa, mkubwa kwangu kwa umri. Wallahi sikujua, na neno lenyewe la kusema, "sijui", lilikuwa fupi tu. Lakini wapangaji walikuwa wametoka milangoni kunisikiliza, na Bi Salma alinitazama kwa furaha kama mzazi siku ya matokeo. Nikaugonga ukuta kwa ngumi mara mbili, kama nilivyowahi kuwaona mafundi wakifanya.

"Utabeba," nikasema.

Mzee Shomari alikuwa akijenga kuta tangu mimi sijazaliwa. Alinitazama kidogo, akafuta mikono yake. "Haya. Kama Injinia kasema." Akayapandisha mapipa.

Lita moja ya maji ni kilo moja, hilo nililijua tangu sekondari. Pipa moja ni lita mia mbili. Mapipa manne, kilo mia nane. Sikuzidisha, mwanangu. Hesabu ya mtoto wa darasa la nne, na mimi sikuifanya kwa sababu nilikuwa na haraka ya kuonekana najua.

Yalijazwa Jumanne. Alhamisi asubuhi Bi Salma alikuwa anafua pembeni ya bafu, ukuta ukaanguka. Aliinua mkono wa kulia kukinga kichwa. Kichwa kilipona, lakini mkono ulisagika.

Habari zilinifikia Ijumaa, nikaenda hospitali moja kwa moja. Nilikuwa nimejiandaa kusema yote, lakini majirani walikuwa wamekizunguka kitanda, na mmoja akauliza ni nani aliyeruhusu mapipa yale yapandishwe. Bi Salma akaniwahi. "Ukuta ulikuwa mzee," alisema. "Tuliupuuza wote."

Walipotoka nilipiga magoti nikalia. Nikamwambia, "Bi Salma, nisamehe. Siku ile sikujua kabisa."

"Nilikuona usoni kwamba hujui," akasema polepole. "Ila nilitaka sana ujue, mwanangu. Ndiyo maana nikakuamini."

Hakushona tena. Cherehani yake ilikaa imefunikwa kanga mpaka alipofariki, na mpaka siku hiyo hakuacha kuniita Injinia. Kila aliponiita jina hilo niliumia, na bado naumia.

Jumatatu nilirudi darasani. Mwalimu akauliza, "Mmeelewa?" Nikanyoosha mkono, nikasema mimi sijaelewa. Walicheka sana. Mwalimu akarudia somo tangu mwanzo, na hao hao waliocheka nikawaona wameinama wanaandika haraka haraka.

Sasa wewe unaanza mwaka wa kwanza, na najua nyumbani wameshaanza kukuita Injinia. Watakuletea feni, pasi, na ramani za nyumba. Hawana ubaya, wanakupenda. Wewe waambie, "Hilo bado sijasoma, muulizeni fundi." Darasani uliza, hata ukiwa peke yako unayeuliza. Ukifeli, mwambie mama yako wiki hiyo hiyo, usifiche karatasi kiatuni kama mimi. Aibu ya kusema sijui huisha kabla hujafika nyumbani. Hii yangu nimeibeba miaka arobaini.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akupe akili ya kujifunza na ujasiri wa kuuliza, na awalinde wote watakaoishi chini ya kuta utakazosema zitabeba.