Muulizeni Shemeji

Mume wangu ni fundi paa. Wenzake humwita Paka, kwa sababu bati linalomtetemesha mwingine miguu yeye hulitembea huku akipiga mluzi. Nyumbani ni msahaulifu ajabu, hutafuta miwani akiwa ameivaa, lakini akiwa kazini hana mchezo. Sharti lake ni moja: anayeshika ngazi haiachii mpaka aliye juu aseme "achia". Mshika ngazi wake alikuwa kaka yangu wa tumbo moja. Mimi ndiye niliyewaunganisha, tena kwa majivuno.

Siku hiyo nilipigiwa simu nikakimbilia hospitali. Nilimkuta Paka kakaa kitandani, kavimba juu ya sikio, anatabasamu kama bwana harusi, kaka yangu kasimama kando yake. Daktari, binti mpole, alikuwa akimhoji.

"Ulizimia?"

"Sikumbuki vizuri. Muulizeni shemeji, yeye alikuwepo."

Daktari akatueleza kwamba si kila aliyegonga kichwa hupigwa picha ya ubongo. Lakini aliyeanguka kutoka juu, aliyepoteza fahamu au anayetapika, huyo lazima apigwe.

"Alijikwaa tu," kaka akajibu. "Tulikuwa chini tunapanga mbao. Hakuzimia hata kidogo."

"Hakutapika?"

"Atapike nini? Aliinuka mwenyewe akaomba maji."

"Huko kutokumbuka ndiko kunakonitia wasiwasi."

"Huyu?" kaka akadakia. "Hutafuta miwani iko usoni, daktari!"

Tukacheka wote, hata Paka. Tukaambiwa twende nyumbani, tumwangalie kwa karibu. Njiani nilimshukuru kaka mara mbili.

Kesho yake asubuhi Paka alimimina chai mpaka ikajaa kikombe, ikafurika mezani, naye anaitazama tu. Nilipomwita, ulimi ulikuwa mzito. Kisha akatapika. Tukamrudisha hospitali mbio, na safari hii picha ikapigwa: damu ilikuwa inakandamiza ubongo. Akaingizwa chumba cha upasuaji.

Tukiwa tunasubiri kwenye korido, mimi na kaka, akaja mama mwenye nyumba waliyokuwa wakiiezeka.

"Pole mwanangu. Jana tulidhani amekufa! Ameanguka na ngazi yake, kalala hajitambui, na alipozinduka ikawa kutapika tu. Na huyu kaka yako yuko nyuma ya nyumba anaongea na simu!"

Nikamgeukia kaka. Alikuwa anatazama sakafu.

"Ungesema kweli, wangempiga picha jana ile ile."

"Ningesema, mngeniuliza ngazi ilishikwa na nani."

Mtu tuliyenyonya ziwa moja. Nilitamani kumzaba kibao.

Paka amepona kwa kiasi chake. Mkono wa kulia unasuasua, maneno humtoroka, na juu ya paa hapandi tena. Siku ile haikumbuki kabisa, nasi tuliambiwa tusimtie presha, kwa hiyo nilinyamaza.

Juzi kaka akaja kumjulia hali. Paka akamshika mkono, machozi yanamlengalenga.

"Shemeji, naambiwa wewe ndiye uliyenibeba ukanifikisha hospitali. Bila wewe nisingekuwepo."

Nikamtazama kaka nikisubiri. Tulikuwa watatu tu chumbani, na neno moja tu lingenitosha.

"Usijali, shemeji," akasema. "Ndiyo undugu huo."

Nikasimama nikamwonyesha mlango. Alipotoka, Paka alinigombeza kwa ule ulimi wake mzito, akiniuliza nina roho gani ya kumfukuza mtu aliyemwokoa.